Riflekta ya dhahabu imeniharibia kazi Msimbati, mfuniko wa boksi la samaki ukaniokoa. Ninunue ipi?

#1 Kivuli cha Mkorosho
Kuchele wakuu.

Jumamosi nilikuwa ufukweni Msimbati na mteja wangu anayeuza madera na vijora hapa Mtwara mjini. Modo wawili, mavazi kumi na mawili, picha za mwili mzima na za karibu. Nilikuwa nimeagiza riflekta ya kukunja, kile kitambaa cha kumrudishia modo mwanga wa jua, kutoka Kariakoo, ikaja na basi: sentimita 110, zile za tano kwa moja. Ina nyeupe, fedha, dhahabu, nyeusi, na katikati kile kitambaa kinachopitisha mwanga.

Tukaanza saa nne asubuhi. Modo kaipa bahari mgongo, jua liko nyuma yake, dogo anayenisaidia kashika upande wa dhahabu. Kwenye kioo cha kamera niliona uso unawaka vizuri, nikafurahi. Kufika nyumbani nafungua kompyuta, uso wa njano, shingo na mikono rangi yake ya kawaida. Kwenye paji la uso na pua kuna madoa ya kung'aa kama kamwagiwa mafuta ya taa. Dera la bluu ya bahari limegeuka kijani kifuani, chini limebaki bluu. Macho kayakunja katika picha saba kati ya kumi.

Modo wa pili upepo ulizidi, ile riflekta ikamshinda dogo. Akaenda kwa wavuvi akaazima mfuniko wa boksi la barafu, ule mweupe wa stairofomu, akanishikia. Picha zote za modo wa pili zimetoka safi. Mteja kazikubali zote.

Sasa naulizeni wajuzi: dhahabu ni mbaya kwa ngozi zetu, au mimi ndiye nilikosea? Na kama nanunua nyingine, ukubwa gani kwa mavazi ya mwili mzima, na kusi hili la Julai linavyovuma?

#2 Fundi Studio, Lindi
Mkuu pole na kazi. Jibu ni fupi: dhahabu kwa picha za mavazi usiiguse. Anga upande wa kivuli inatoa mwanga wa ubaridi, bluu bluu. Modo akilipa jua mgongo, mbele yake pote panamulikwa na anga. Wewe ukaja na dhahabu ukaimulika sehemu moja tu, usoni na kifuani. Tayari una rangi mbili za mwanga kwenye mtu mmoja. Hapo hata ukarekebishe waiti balansi, yaani mpangilio wa rangi ya mwanga kwenye kamera, namna gani, ukiponya uso shingo inakuwa ya marehemu.

Nyeupe haiongezi rangi yake. Inarudisha jua kama lilivyo. Ndiyo maana mfuniko wa samaki ulikuokoa.

#3 Mama Vijora
Naongea kama mteja, mimi nauza nguo. Kwangu mimi picha nzuri ni ile inayoonyesha rangi ya kitambaa kama kilivyo mkononi. Niliwahi kupigiwa picha za madera jioni, mpiga picha kaniwekea udhahabu kila mahali, picha zikapendwa kweli. Mteja wa Nachingwea akaagiza dera la "rangi ya maziwa". Lilipomfikia akasema hili jeupe, mimi nilitaka lile la maziwa. Nikarudisha hela na nauli ya mzigo nikalipa mwenyewe.

Kwa hiyo wapiga picha, mnapochagua hivyo vitambaa vyenu vya kuakisi, kumbukeni kuna mtu anaagiza kwa kuangalia rangi tu.

#4 Kivuli cha Mkorosho
Dada Mama Vijora, hilo limenigusa, maana mteja wangu ndilo alilosema kwanza: "Rangi ya dera siyo hii."

#5 Mwalimu wa Mwanga, Masasi
Habari za jioni. Nafundisha fizikia na kamera ninayo, kwa hiyo nina maswali kabla ya kuihukumu dhahabu.

Kwanza, dogo alikuwa amekaa au amesimama wakati anashika ile ya kwanza? Na alipochukua mfuniko?

Pili, mchanga wa Msimbati ni mweupe. Ule mchanga wenyewe ni riflekta kubwa kuliko zote ulizobeba, na unapiga kutoka chini. Ukiongeza nyingine kutoka chini unapata kivuli cha pua kinachopanda juu na macho yanayolia.

#6 Kivuli cha Mkorosho
Mwalimu, umenikumbusha kitu. Ile ya kwanza dogo alikaa kwenye mchanga akaiegemeza magotini, kwa sababu upepo ulikuwa unaipindua. Mfuniko ni mdogo na mgumu, alisimama nao akaunyanyua usawa wa kichwa cha modo.

#7 Mwalimu wa Mwanga, Masasi
Basi umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, rangi na mahali mwanga unapotoka. Huwezi kusema ni kipi kilichokuokoa.

Mwanga unaotoka chini ya kidevu unaangaza sehemu ambazo jua halizimuliki siku zote: chini ya pua, chini ya nyusi, chini ya taya. Jicho la binadamu limezoea mwanga wa juu, ndiyo maana sura inaonekana ngeni hata kama rangi ni sahihi. Mfuniko ulikuwa usawa wa kichwa, vivuli vikakaa mahali pake.

Sheria ni ile ya darasani, pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kutoka. Jua la saa nne mwezi huu liko kama katikati ya upeo na utosi. Likiwa nyuma ya modo, riflekta iliyo mbele yake inaweza kunyanyuliwa hadi usawa wa uso na bado ikalipata, mradi uilaze kidogo iangalie juu.

#8 Fundi Studio, Lindi
Mwalimu nakuheshimu, lakini dera la bluu kugeuka kijani ni pembe gani hiyo? Njano juu ya bluu inakwenda kijani, hilo hata mtoto wa chekechea mwenye rangi za maji analijua.

#9 Mwalimu wa Mwanga, Masasi
Hilo la dera nakupa, ni dhahabu. Ninalobishia ni madoa usoni na macho kukunja.

#10 Nahodha wa Msangamkuu
Naweka kambi hapa. Endeleeni.

#11 Mzee wa Chumba cha Giza
Vijana wangu, nimepiga picha tangu enzi za filamu nyeusi na nyeupe, kabla hapa Mtwara hamjawa na maabara ya rangi ya kutegemea. Wakati huo hakuna aliyeuliza dhahabu au fedha. Filamu ile haikuona rangi, iliona mwanga mwingi na mwanga kidogo. Tulitumia shuka jeupe, au karatasi zenye fedha tukizibandika kwenye ubao wa plaiwudi. Bibi harusi akitoka kanisani mchana, wasimamizi wawili wanashika shuka, mimi napiga.

Kosa la kijana sioni kama ni rangi. Ni saa. Saa nne ufukweni mwanga tayari ni mkali, na mchanga unaurudisha. Angefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua likitoka baharini asingehitaji hata huo mfuniko. Sisi wa pwani hii tumepewa jua linalochomoza majini, watu wa nchi zinazotazama magharibi wanalipata likizama. Tumia asubuhi.

#12 Bibi Harusi wa Ligula
Shikamoo mzee. Lakini modo gani wa Mtwara anafika Msimbati saa kumi na mbili na nusu akiwa amepambwa? Kutoka mjini hadi kule na vipodozi, waamke saa nane usiku!

#13 Mzee wa Chumba cha Giza
Marahaba mwanangu. Walale huko huko.

#14 Deiwaka wa Mwanga
Wakuu mimi ndiye mtu wa kushika. Nimeshikia wapiga picha wanne hapa mjini na Mikindani. Niwaambieni ambacho hamkijui ninyi mnaokaa nyuma ya kamera.

Fedha inaonekana inapopiga. Naona kabisa lile duara la mwanga likitembea ukutani, kwenye mchanga, mpaka nimfikishe modo usoni. Nyeupe sioni kitu. Nashika tu, mpiga picha anasema "hapo hapo" au "sogea". Kwa hiyo deiwaka mgeni akipewa nyeupe anasimama mbali, mita tatu, nne, na haifanyi chochote. Nyeupe inataka niwe karibu mpaka mpiga picha aanze kunilalamikia kwamba nimeingia kwenye picha. Hatua moja, moja na nusu.

Na macho: msimfungulie mtu jua ghafla. Mimi namwambia modo afumbe macho, namsogezea mwanga taratibu kutoka pembeni, mpiga picha anahesabu tatu, modo anafumbua, picha mbili tatu, natoa. Hakuna anayelia.

#15 Kivuli cha Mkorosho
Deiwaka hii ni elimu kubwa. Asante.

#16 Kamera Mpya
Kuongezea kwa #14, ni kwa sababu ya kanuni ya umbali. Ukirudi nyuma mara mbili, mwanga unapungua mara nne. Iwe fedha, iwe nyeupe.

#17 Mwalimu wa Mwanga, Masasi
Hapana, siyo zote sawa. Kanuni hiyo ni ya chanzo kidogo kinachotawanya mwanga kila upande, kama balbu ukiwa mbali nayo. Nyeupe inatawanya mwanga, kwa hiyo ukishakuwa mbali kuliko upana wake inaanza kuifuata. Fedha laini inafanya kazi kama kioo. Miale ya jua inatufikia ikiwa karibu sambamba, jua lenyewe lina upana wa kama nusu nyuzi tu angani. Kipande cha mwanga kutoka kwenye fedha iliyonyooka kinaweza kwenda mita kadhaa kikiwa na nguvu karibu ile ile. Ndiyo maana Deiwaka anauona ukutani.

Fedha nyingi za kukunja zina mikunjo, kwa hiyo ziko katikati ya hizo mbili. Pia kitambaa kikilegea na kuwa kama bakuli, mwanga unaweza kukusanyika mahali pamoja ukawa mkali zaidi. Kivuli, angalia kama ya kwako imepinda.

#18 Kivuli cha Mkorosho
Imepinda. Tangu niifungue haijawahi kukaa bapa, ina umbo la chapati iliyoungua upande mmoja. Hata kuikunja sijui, naombeni msaada huo pia.

#19 Deiwaka wa Mwanga
Shika kingo mbili zinazotazamana, kiganja kimoja kikuangalie, kingine kiangalie nje. Zungusha mikono kinyume kama unakamua nguo, huku unaileta pamoja. Itajikunja yenyewe iwe duara tatu ndogo. Ya 110 inaingia kwenye mfuko wa kama sentimita 40. Usilazimishe, ule waya wa ndani ni chuma cha springi, ukiupinda vibaya ndiyo unapata hiyo chapati.

Na ukitoka baharini ifute kwa kitambaa chenye maji baridi, ianike kivulini. Chumvi inaingia kwenye mshono, waya unashika kutu, unaanza kutoboa kitambaa. Nimeona mbili zimekufa hivyo.

#20 Fundi Studio, Lindi
Turudi kwenye ngozi, maana hapo ndipo penye jambo. Ngozi nyeusi hairudishi mwanga mwingi kutoka ndani kama ngozi nyeupe. Kinachoipa umbo kwenye picha ni mng'ao wa juu juu. Yaani uso wetu unaakisi kile chanzo cha mwanga kama vile gari jeusi lililooshwa linavyoakisi nyumba. Chanzo kidogo na kikali, kama fedha iliyo mbali, kinaonekana kama doa. Chanzo kikubwa, cheupe, kilicho karibu, kinakuwa utepe mpana na mlaini unaofuata shavu. Wapiga picha wengi wanaogopa mng'ao huo wanapaka poda mpaka mtu anakuwa kijivu. Usiuogope, utafutie chanzo kikubwa.

#21 Mpambaji Chikongola
Naomba kuingilia kwa upande wangu. Kivuli, modo wa kwanza alipakwa nini usoni? Na wa pili?

#22 Kivuli cha Mkorosho
Wa kwanza alijipaka mwenyewe, mafuta ya nazi na vipodozi juu. Wa pili alipambwa na mtu, alikuwa na poda.

#23 Mpambaji Chikongola
Haya! Nilijua tu. Mafuta ya nazi saa nne ya jua, ngozi inatoa jasho, hata ungemulika na nyeupe ya mbinguni angeng'aa. Mnabishana vitambaa wiki nzima wakati jibu liko kwenye karatasi ya kufyonza mafuta na dakika tano za mpambaji.

#24 Mwalimu wa Mwanga, Masasi
Sasa ni vitu vitatu vimebadilika: rangi, urefu kutoka chini, na mafuta.

#25 Nahodha wa Msangamkuu
Vinne. Upepo ulizidi, na upepo wa kusi hapa ukizidi huwa unakuja na mawingu mepesi. Kivuli, jua lilikuwa kali vile vile wakati wa modo wa pili?

#26 Kivuli cha Mkorosho
Nimefungua mafaili kuangalia. Modo wa kwanza ISO 100, f/4, 1/1000 kwenye nyingi. Wa pili ISO 100, f/4, kati ya 1/500 na 1/640. Yaani kwa modo wa pili kamera ilihitaji muda mrefu zaidi kupata mwanga. Kwa hiyo ndiyo Nahodha, kulikuwa na wingu, au uso ulikuwa unapata mwanga kidogo zaidi kwa mfuniko. Sikumbuki wingu.

#27 Fundi Studio, Lindi
Hiyo siyo lazima iwe wingu. Mfuniko ni mdogo na ni mweupe, ni kawaida kushuka hivyo ukitoka kwenye dhahabu.

#28 Mtoto wa Newala
Nyie wa pwani mnalia na mchanga mweupe, njooni huku juu Makonde. Udongo wetu mwekundu. Nikipiga modo amevaa gauni jeupe kwenye barabara ya vumbi, chini ya kidevu na ndani ya mikono anakuwa wa chungwa. Nimetumia nyeupe, nimetumia fedha, ardhi inashinda. Dawa niliyoipata ni kutandika shuka jeusi au turubai chini ya miguu yake, nje ya picha, kwa picha za karibu. Za mwili mzima nakubali tu, na wateja wengi wanaipenda hiyo rangi, wanasema ndiyo Newala.

Chini ya mikorosho nako kuna balaa lingine. Majani yanapitisha ukijani na vijidoa vya jua usoni. Pale ndipo kile kitambaa cha katikati kinachopitisha mwanga kinanisaidia kuliko rangi zote. Kinashikiliwa juu ya kichwa cha modo, vijidoa vinayeyuka.

#29 Kamera Mpya
Mtoto wa Newala, hicho kitambaa kinakula mwanga kiasi gani?

#30 Mtoto wa Newala
Kati ya stopu moja na mbili (stopu moja ni mwanga kupungua nusu), kutegemea kitambaa. Ila uelewe, modo ndiye anayepungua, nyuma yake hapapungui. Ukishamfidia, nyuma panawaka zaidi. Kwenye mikorosho sawa, nyuma ni kijani kizito. Ufukweni bahari yote inaungua iwe nyeupe. Na kwa mwili mzima unahitaji kikubwa kweli, ama sivyo utaona kivuli chake cha duara mchangani, mtu kasimama kwenye sahani.

#31 Chokaa ya Mikindani
Mimi nawashangaa mnaonunua. Mikindani tuna riflekta zimejengwa. Zile kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, njia nyembamba, jua linapiga ukuta wa upande huu, modo anasimama kivulini upande ule, mlango wa nakshi nyuma yake. Mwanga mkubwa, laini, wa usawa wa uso, na upepo hauupindui ukuta. Boma la Wajerumani nalo ni jeupe, limesimama pale tangu 1895. Saa tatu mpaka saa tano asubuhi nazunguka mitaa tu na modo wangu, kila ukuta una saa yake. Jioni jua linawahi kukatwa na kilima cha nyuma ya mji, basi nahamia ufukweni.

Angalizo moja: ukuta uliokunywa unyevu una ukijani, na uliopakwa njano ni dhahabu ile ile mnayoigombania.

#32 Mzee wa Chumba cha Giza
Chokaa kasema kweli. Na Lindi nako kuna mashamba ya chumvi. Yakivunwa, zile lundo nyeupe zinamulika kuliko theluji ninayoiona kwenye picha za watu. Ombeni ruhusa kwanza, na mvae viatu.

#33 Mama Vijora
Mzee umenipa wazo la kundi lijalo la madera! Meusi yote, kwenye chumvi.

#34 Boda wa Sabasaba
Mimi natumia simu tu, riflekta yangu ni kile kizuia jua cha kioo cha gari, kina rangi ya fedha. Nimeazima kwa dereva. Inafaa?

#35 Deiwaka wa Mwanga
Inafaa ndugu yangu, ila ni fedha kali, ishike mbali na ipitishe pembeni ya uso, usimpige katikati. Na usiielekeze barabarani, utampofua mwenzako wa bodaboda.

#36 Seremala wa Mwanga
Kuhusu ukubwa na upepo, maana mwenye uzi aliuliza na mmempita. 110 ya duara ni ya uso na kifua. Kanuni yangu ni kwamba ubao uwe angalau mkubwa kama kile unachotaka kukimulika. Mwili mzima unataka kama 120 kwa 180. Ya kukunja ya ukubwa huo kwenye kusi ni tanga la ngalawa, itampeleka dogo Lindi.

Mimi natengeneza fremu za bomba za plastiki za maji, inchi moja, na viungo vya kona, zinafunguka zinaingia kwenye buti. Fundi cherehani ananishonea kitambaa chenye lastiki kwenye kona nne. Upepo ukizidi naachia kona moja, kitambaa kinapumua, fremu haiondoki. Miguu inakaliwa na viroba vya mchanga, na mchanga Msimbati hauuzwi. Zipo za viwandani zenye fremu kama hizi, Sunbounce za Ujerumani na Scrim Jim za Westcott wa Marekani, nzuri sana, lakini bei yake utanunua kamera ya pili. Sunbounce wana kitambaa wanakiita Zebra, dhahabu na fedha zimepishana mistari, kinapasha rangi kidogo tu bila kumfanya mtu wa njano.

#37 Fundi Studio, Lindi
Nakazia hiyo ya mistari. Mwenye kutaka dhahabu achukue ya kuchanganya, na aitumie jua likiwa chini lenyewe lina joto, dakika zile za mwisho. Kwetu huku jua linashuka karibu wima, halikawii.

#38 Mpambaji Chikongola
Seremala, kitambaa unachoshonea ni kipi? Maana nyeupe ziko nyingi.

#39 Seremala wa Mwanga
Swali zuri. Nilianza na shuka jipya la kung'aa, picha zikawa na ubluu mwepesi. Nikaja kujua vitambaa vyeupe vingi, na sabuni za unga, vina dawa ya kung'arisha inayogeuza miale tusiyoiona ya jua kuwa mwanga wa bluu. Na wanaotia buluu kwenye ndoo ndiyo zaidi. Sasa natumia mgongo wa turubai la bango la matangazo, ule mweupe usiochapishwa. Kabla ya kulipa naliweka juani pembeni ya karatasi nyeupe, nalipiga picha moja kwa simu, naangalia. Yaliyokaa sana juani yanakuwa manjano.

#40 Nahodha wa Msangamkuu
Na stairofomu, nawaombeni: zikikatika msiziache. Msimbati iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma, imetangazwa tangu mwaka 2000. Vile vipunje vyeupe samaki wanameza. Mfuniko wa mvuvi mrudishieni mzima.

#41 Kivuli cha Mkorosho
Nahodha, niliurudisha mzima, nikamwongezea na soda.

#42 Mtu wa Kivuli
Mbona hakuna aliyetaja upande mweusi? Ufukweni tatizo siyo mwanga kupungua, ni mwanga kuzidi kutoka kila upande: mchanga, bahari, anga. Uso unakuwa bapa kama pasipoti. Mimi nasimamisha nyeusi upande mmoja wa modo, karibu, shavu linarudi, taya inarudi. Kwa modo mwenye ngozi nyeusi na nguo nyeupe ndiyo picha ninazozipenda kuliko zote. Sijashika dhahabu wala fedha mwaka wa pili huu.

#43 Fundi Studio, Lindi
Kwa mavazi? Ukiweka nyeusi nusu ya dera inapotea. Mama Vijora atakukimbia.

#44 Mama Vijora
Sikimbii. Nyeusi upande wa begani ikionyesha mpindo wa kitambaa, nanunua.

#45 Kamera Mpya
Mwezi wa pili na mwezi wa kumi je? Nilipiga harusi Oktoba saa sita, vivuli vya macho kama fuvu.

#46 Mwalimu wa Mwanga, Masasi
Sisi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 na 21 Oktoba, na tena karibu na tarehe 21 Februari. Siku hizo mchana modo hana kivuli ila kile kilicho chini ya nyayo, na hakuna upande wa kuliweka jua mgongoni. Hapo kitambaa cha kupitisha mwanga juu, mchanga ujaze kutoka chini, au mwende kwa Chokaa kwenye kuta zake. Julai hii jua la saa sita linaegemea kaskazini vya kutosha, una pa kuchezea.

#47 Kivuli cha Mkorosho
Wakuu narudi na majibu. Leo nimemchukua modo yule yule wa kwanza, dera lile lile la bluu, Mikindani ufukweni, dhahabu ile ile iliyopinda. Uso kaufuta mafuta. Dogo amesimama, amenyanyua usawa wa kichwa, hesabu ya tatu kama alivyosema Deiwaka. Kisha mfuniko, nimenunua wangu.

Macho: yamefunguka kwa zote mbili. Madoa: kwa mfuniko hakuna, kwa dhahabu moja dogo la puani. Lakini cha kushangaza, rangi ya dhahabu safari hii haijaniudhi. Uso na shingo vimeshikana, na dera limebaki bluu, limepoa kidogo tu. Mteja kachagua mbili za dhahabu na moja ya mfuniko.

#48 Mpambaji Chikongola
Mafuta ya nazi! Nilisema mimi.

#49 Mwalimu wa Mwanga, Masasi
Kunyanyua. Mwanga umeshuka toka juu ukafika na shingoni, ndiyo maana vimeshikana.

#50 Fundi Studio, Lindi
Subirini. Mkuu, ulipiga saa ngapi?

#51 Kivuli cha Mkorosho
Saa kumi na nusu jioni kwenda kumi na moja.

#52 Fundi Studio, Lindi
Haya. Jua lenyewe lilikuwa limeshakuwa la dhahabu. Mrudishe modo Msimbati saa nne asubuhi, bila mafuta, dogo amesimama, halafu utuwekee hapa dera lile la bluu.

#53 Deiwaka wa Mwanga
Kama dogo amechoka, mimi Jumamosi nina nafasi.